Idi Mubarak: salamu kutoka Majengo

Ndugu zangu wa Majengo, wa Eastleigh, wa South C, na nyinyi mliohamia Syokimau mkaapa kwamba mtakuwa mkija kila Ijumaa: Idi Mubarak. Mwezi umeandama, mfungo umekwisha, Mwenyezi Mungu azitakabali saumu zetu na atukutanishe na Ramadhani nyingine tukiwa wazima. Niliyemkosea anisamehe. Aliyenikosea nimeshasahau, isipokuwa yule aliyeondoka na sufuria yangu ya biriani Idi iliyopita. Huyo ananijua.

Asubuhi tumeswali uwanja wa Sir Ali Muslim Club, mawingu ya masika yametukalia utosini na mikeka imelowa umande. Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, Idi huwa siku ya mvua?" Nikacheka. Idi haina msimu, mwanangu. Kila mwaka inarudi nyuma kama siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo aliyezeeka Nairobi ameshaila kwenye baridi ya Julai, kwenye vumbi la Februari, na kwenye matope kama haya. Lakini ukiniuliza mimi Idi ina rangi gani, nitakwambia zambarau. Ile ya kwanza ninayoikumbuka sawasawa ilikuwa Oktoba 1973, mijakaranda imechanua mji mzima.

Nilikuwa na miaka saba. Tangu alfajiri tulikuwa tumezunguka nyumba za watu kupokea mkono wa Idi, na sarafu zangu nilizifunga kwenye pembe ya leso, fundo mbili. Babu, mzaa mama, akatukusanya wajukuu watano kwenda mjini. Kutoka Majengo hadi mjini ni mwendo wa miguu tu, sote tulikuwa tukitembea siku zote. Ndiyo maana basi lilikuwa starehe. Siku ya Idi hutembei, unapanda KBS, basi la Kenya Bus Service.

Basi likaja limeinama upande mmoja kwa watu waliotoka Eastleigh. Kanzu, mabuibui, na harufu ya udi iliyochanganyika na dizeli. Katika kusukumana kiatu cha kaka yangu kikachomoka kikabaki chini, kiatu kipya cha Idi, na yeye ameshabebwa na umati hadi ndani. Kondakta akagonga bati mara mbili, basi likasimama, akashuka mwenyewe akakiokota. Akakipangusa kwa suruali yake, akampa, akasema, "Idi njema, mzee." Kaka alikuwa na miaka tisa. Hadi leo tukimwita mzee anajua tunamkumbusha nini. Tiketi yangu, kikaratasi chembamba, niliiweka ndani ya juzuu nikaitunza miezi, mpaka maalim alipoiona akaniuliza kama nimeanza kusoma sura ya mabasi.

Watoto wa sasa hawaelewi nikisema "KBS" kwa sauti ile. Kampuni ile ilianza safari za mabasi Nairobi mwaka 1934, chini ya Overseas Transport Company ya Uingereza, na hiyo ndiyo OTC mnayoitaja kila siku mkishuka Racecourse Road. Makanga wanaoita "OTC, OTC, shuka hapa!" wengi hawajui kwamba wanaita jina la wenye mabasi ya zamani. Na mwaka uleule wa kiatu, 1973, ndipo Mzee Kenyatta alipowaruhusu wenye matatu kubeba abiria kihalali. Zilikuwepo tayari, na jina lenyewe lilitokana na nauli, zile senti kumi tatu. Babu alizidharau. "Gari gani halina namba, halina saa?" Baadaye yakaja mabasi ya Nyayo mwaka 1986, tukadhani tumepona, nayo yakafa. Mwaka 1991 KBS ikanunuliwa na Stagecoach ya Uskoti, mwaka 1998 wakaiuza. Matatu zikabaki na mji.

Lakini nilikuwa nawaambia habari za siku ile. Tuliposhuka, Babu akatupitisha Kenyatta Avenue. Alitueleza kwamba ilijengwa pana vile ili mkokoteni unaovutwa na jozi nyingi za ng'ombe uweze kugeuka, na kwamba yeye aliijua ikiitwa Delamere. Akatusimamisha mbele ya wale watu watatu wa shaba, sanamu ya askari ya 1928, akatusomea maandishi ya Kiswahili polepole, kidole kikifuata herufi. Baba yake alikuwa mpagazi katika vita ile ya kwanza ya dunia. Wapagazi wale ndio walioiachia Kariokor jina lake, Carrier Corps katika midomo ya watu wetu. Sisi tulitaka mashua. Alisoma hadi mwisho.

Tukavuka Uhuru Highway. Iliwezekana kuvuka na watoto watano, mmoja mkononi, wengine wakishikana kanzu. Ng'ambo ni Uhuru Park, iliyofunguliwa miaka minne tu kabla, na maji yake na vijimashua vyake. Hapo ndipo mkono wa Idi ulipoishia, kila mwaka.

Idi ikazunguka, ikarudi Oktoba mwaka 2006. Miaka thelathini na mitatu, mijakaranda ileile. Nikawapeleka wanangu kwa matatu yenye mistari ya manjano na mikanda, amri za Michuki, zile alizotoa akiwa waziri wa uchukuzi, bado mbichi. Nikawaonyesha bustani, nikawaambia kama si Wangari Maathai mwaka 1989 hapa pangesimama jengo la ghorofa sitini. Walisema ndiyo Mama, wakakimbilia mashua. Nilijisikia Babu.

Sasa juu ya Uhuru Highway ipo Expressway, tangu 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Sitaitukana. Mdogo wangu wa Syokimau anafika Westlands kabla chai haijapoa. Ila ndiyo hiyohiyo imetuondolea miti mingi kando ya njia, na ukisimama penye bustani unaona nguzo kwanza, anga baadaye. Na huyo mdogo wangu hupita juu yetu kila siku, analipa ushuru wake, hajashuka Majengo tangu Mfunguo Tatu.

Idi ya Oktoba itarudi tena 2038 au 2039. Nitakuwa na sabini na kitu, nikijaliwa. Sitaki kuisubiri.

Kwa hiyo leo baada ya adhuhuri nitatoka hapa na wajukuu wanne, tutapanda matatu, tutashukia mjini, tutapita kwa wale watu watatu wa shaba na nitasoma hadi mwisho. Anayetaka anikute pale mbele ya sanamu saa tisa. Mahamri na kaimati nimebeba za kututosha. Wewe wa Syokimau, njoo na sufuria.