Kipa wa pili asingoje wa kwanza aumie

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalojirudia hapa Malindi kila muhula wa kwanza, michezo ya shule inapopamba moto chini ya jua la kaskazi. Timu zetu za mpira wa magongo hazina makipa. Zina kipa, tena mmoja, na mara nyingi huyo ni mtoto aliyeonekana mzito wa mbio, akavishwa pedi na kuambiwa asimame pale.

Katika mechi moja niliyokwenda kushangilia, kipa wetu alivunjika kidole kabla ya mapumziko. Mwalimu akatazama benchi, na benchi likatazama chini. Hatimaye akaitwa winga wa kushoto, kijana mwepesi asiyewahi kukaa langoni hata siku moja. Pedi ya kulia ikafungwa mguu wa kushoto. Mikanda yake ilikatika zamani, na sasa hufungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Helmeti nayo ilimpwaya hata akawa anaishika kwa mkono kila anapogeuza shingo. Lango la magongo lina upana wa mita 3.66 na kimo cha mita 2.14, na kijana wa watu alisimama juu ya mstari wenyewe, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumweleza kwamba kipa akitoka hatua mbili mbele, mpigaji huliona lango limekuwa dogo. Alifungwa manne, na lawama zote akarudi nazo yeye nyumbani.

Mvuvi wa hapa kwetu haendi baharini na mshipi mmoja, lakini timu husafiri hadi Mombasa na kipa mmoja, na hakuna anayeshtuka.

Mimi hufuatilia pia hoki ya barafuni, usiku, kwa simu, huku jasho likinitiririka, na wanangu hunicheka kwa hilo. Katika ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, kila timu huingia mechini na makipa wawili waliokwisha kuvaa, na kwa miaka mingi uwanjani alikuwepo wa tatu wa dharura aliyeweza kuitwa na timu yoyote kati ya mbili zilizokuwa zikicheza. Tarehe 22 Februari 2020, mjini Toronto, makipa wote wawili wa Carolina Hurricanes waliumia usiku mmoja, akaitwa David Ayres, mwanamume wa miaka 42 aliyekuwa mfanyakazi wa uwanja wa barafu. Mikwaju miwili ya kwanza ilimpita, kisha akazuia yote minane iliyofuata na Carolina ikashinda 6-3. Watu husimulia kisa hicho kama muujiza. Wanachosahau ni kwamba Ayres alikuwa amezoea kusimama langoni katika mazoezi ya wachezaji wa kulipwa, na kwamba kuwepo kwake jukwaani usiku ule kulikuwa kumepangwa. Winga wetu hakupangiwa chochote.

Jambo la pili ni subira. Mwaka 2000, timu za NHL zilipokuwa zikichagua vijana, kipa Rick DiPietro alichaguliwa wa kwanza kabisa, huku Henrik Lundqvist wa Uswidi akisubiri hadi nafasi ya 205. DiPietro alikuja kupewa mkataba wa miaka 15, majeraha yakamwandama, na mwaka 2013 timu yake ikaamua kumlipa aondoke. Lundqvist aliachwa akomae kwao hadi mwaka 2005, ndipo akahamia New York na kulishika lango kwa miaka 15. Connor Hellebuyck naye alichaguliwa wa 130 mwaka 2012, na tuzo ya kipa bora akaipata kwa mara ya kwanza mwaka 2020. Ikiwa wenye fedha na wapelelezi wa vipaji hukosea kiasi hicho, mwalimu wa michezo asijidanganye kwamba amemjua kipa wake kwa kumtazama alasiri moja.

Shule zetu, hata hivyo, hazina miaka minane ya kungoja. Mwanafunzi wa Gredi ya 10 atacheza mihula ya kwanza mitatu tu kabla ya kuondoka, na kwa hiyo hesabu inayofaa ni ya makipa watatu: anayecheza, anayemfuata kwa karibu, na anayejifunza, kila mmoja akiwa wa gredi yake. Yule wa pili apewe mechi halisi, hata kama ni kipindi kimoja dhidi ya timu dhaifu, kwa sababu kipa hafundishwi na benchi. Mwanafunzi aanze na mipira ya tenisi ili asijifunze woga kabla ya kujifunza kuupiga mpira pembeni kwa mguu. Apewe pia walau nusu saa ya mazoezi yake mwenyewe, maana ninachokiona viwanjani ni kipa kugeuzwa shabaha ya washambuliaji, apigwe mikwaju hamsini mfululizo bila kuelezwa kosa lake hata moja. Na kwenye kona fupi, ile adhabu inayopigwa karibu na lango, ambapo wanaolinda ni watano tu pamoja naye, ndiye anayepaswa kuwapanga wenzake. Sauti hiyo haizuki siku ya mechi.

Nitaambiwa kwamba vifaa ni ghali, na ni kweli. Kanuni zinaruhusu timu kucheza bila kipa mwenye vifaa, lakini sitaki kumwona mtoto wa mtu akijaribiwa hivyo kwenye uwanja wetu wa vumbi na mawe, ambako mpira hurukia uso bila taarifa. Ofisi ya michezo ya kaunti inaweza kununua seti chache na kuziazima shule kwa zamu, zikiwemo za sekondari msingi ambako makipa hawa wangepaswa kuanzia. Kenya ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza la magongo, Barcelona, mwaka 1971, na haikufika huko kwa kufungia pedi tyubu za baiskeli.

Mimi mwenyewe nililinda lango nikiwa shuleni, na Jumamosi asubuhi sina kazi. Shule yoyote ya Malindi itakayoleta watoto watatu, si mmoja, itanikuta uwanjani kabla jua halijawa kali.

Kipa wa zamani,
Malindi