Somo, kuhusu ile skrinshoti yako

Somo yangu,

Salaam aleikum na za siku nyingi. Watoto hawajambo? Mzee mwenyewe mguu umepona? Huku tupo, mama na magoti yake yale yale, mimi nakimbizana na kodi, alhamdulillahi.

Ile skrinshoti ya utafiti wa uchaguzi wetu wa 2027 uliyonitumia nliiona siku ile ile, na lile swali lako, "hizi namba za kweli ama zimepikwa?", nkaanza kukujibu kwa voisi, nkafika dakika ya nne sijasema kitu cha maana, nkafuta. Nkaona huyu afadhali nimwandikie. Lakini kwanza tuelewane maneno, manake nyinyi huko Tanzania mkisema kura za maoni ni zile za ndani ya chama za kupata mgombea, na huku kwetu Kenya ukisema kura ya maoni mtu mzima anakumbuka ile ya katiba ya 2010, sasa mimi hapa nasema utafiti tu, ile ya kupigia watu simu uwaulize uchaguzi ukifanywa leo utampa nani.

Kupikwa kupo, sikatai. Kila uchaguzi ukikaribia zinazuka kampuni ambazo hujawahi kuzisikia, zina nembo nzuri na grafu za rangi, hazisemi ziliongea na nani wala nani amezilipa, na sheria yetu ya 2012 inataka hayo yatajwe. Hizo ukiziona ziache zipite. Mimi zinazonisumbua ni zile za watu wanaofanya kazi yao sawasawa na bado wanakosea, manake 2022 nlikuwa ndani mwenyewe, si unakumbuka ile kazi ya miezi miwili nliyokwambia ni ya "kupiga simu" ukadhani nauza bima.

Kumbuka namba za mwisho mwisho za kampuni tatu za utafiti kabla ya kura ya urais ya Agosti 9. Ipsos walimpa Raila asilimia 47, Ruto 41. Infotrak wakasema 49 kwa 41, na hao walihoji watu 9,000. TIFA walihoji kama 2,000 hivi wakasema 46.7 kwa 44.4. Haya, Agosti 15 pale Bomas, ukumbi wa kujumlishia kura, na vurugu zile za jukwaani, marehemu Chebukati, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, akasoma: Ruto asilimia 50.49, Raila 48.85. Mtaa mzima ukasema watafiti waongo. Lakini hebu ziangalie tena polepole. Kwa Raila, Mungu amrehemu, hawakukosea! Walisema 47, walisema 49, akapata 48 na kitu. Waliyemkosa ni Ruto, hao wawili wa kwanza walimpunja pointi tisa na zaidi, na ukiwachukua wale walioandikwa "hajaamua" na "amekataa kujibu" utaona karibu wanajaza pengo lile lile. Yaani si lazima watu walidanganya wakasema Baba, ndiye Raila, halafu wakageuka. Watu walinyamaza, na wengi walionyamaza walikuwa na mtu wao tayari. Hiyo ni hesabu yangu mimi, maprofesa wana zao.

Na uone TIFA na watu wao elfu mbili ndio waliokaribia. Wingi haukusaidii. Marekani 1936 jarida moja, Literary Digest, lilipata majibu zaidi ya milioni mbili, likasema Landon anamshinda Roosevelt, Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina walikuwa wameyatoa kwenye vitabu vya namba za simu na orodha za wenye magari, sasa wakati wa dhiki ile nani ana gari?

Nkupe ya ndani basi. Chumba chenyewe kilikuwa juu ya duka la spea, makarani kama ishirini, hedifoni masikioni, namba inajipiga yenyewe, wewe wasoma dodoso neno kwa neno, huruhusiwi kuongeza hata "pole". (Kampuni siitaji, na utafiti wenyewe haukutangazwa, mteja aliuchukua akaenda nao.) Swali la urais lilikuwa na majina ya wagombea, halafu 98 ni hajaamua, 99 amekataa. Ukipiga Kisumu, ngome ya Raila, kazi tamu, mtu hujamaliza swali ashajibu, mwengine anamwita na jirani ajibu pia. Bonde la Ufa vivyo hivyo, upande wa pili, wa Ruto. Mlima Kenya sasa, subhanallah.

Mama mmoja wa Kirinyaga sitamsahau. Nyuma nasikia kuku na redio. Nkamuuliza umri akajibu, nkamuuliza bei ya unga akajibu mpaka na duka, kwamba pakiti ya kilo mbili imepita mia mbili na ile ya mia moja iliyotangazwa na serikali yeye hajaiona kwa macho, aliongea dakika tatu nzima na dodoso lilitaka namba moja tu. Nkafika kwa urais. Kimya. Kuku tu. Kisha akasema, "Wewe msichana unaongea kama watu wa Mombasa?" Nkasema ndio. "Aaa. Basi hiyo tutajulia huko ndani ya boksi." Nkalisoma swali tena kama nlivyofunzwa. Akacheka kabisa. "Andika mama hajui." Nkabonyeza 98.

Mama hajui! Mama alikuwa ajua kuliko mimi na supavaiza wangu na mteja wetu na gari lake kubwa.

Hebu jiweke kwake. Rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, mtoto wa huko huko mlimani, anasema tumpeni Raila. Mgombea mwenza wa Raila, Martha Karua, anatoka Kirinyaga yenyewe. Chifu ni wa serikali. Halafu inakuja simu kutoka namba usiyoijua, ni msichana mwenye lafudhi ya pwani, ambako kila mtu ajua ni kwa Baba, na huyo msichana anakutajia kata yako kabla hujamwambia. Ungejibu wewe? Afrobarometer, wale wanaopima maoni nchi nyingi za Afrika, wana swali lao la mwisho, humuuliza mtu unadhani ni nani ametutuma kwako, na wengi husema serikali, hata kama mwanzo walielezwa sivyo. Sisi hatukuwa na swali hilo. Tulikuwa na supavaiza anayepita nyuma yako akisema "98 zako zimezidi, zisukume", yaani umuulize mtu tena, hata kama hujaamua unaegemea wapi, na mtu aliyekukataa mara moja ukimsukuma anakata simu, na simu iliyokatika hailipwi. Ripoti ilipotoka wale wote walikuwa kijimstari cha kijivu mwisho wa grafu, na hakuna aliyekiangalia. Ruto akazoa Kirinyaga, akazoa karibu mlima wote, mpaka kituo cha Mutomo kule Gatundu anakopigia kura Uhuru mwenyewe.

Huku kwetu kosa lilikuwa la aina nyengine. Mtu wa Mombasa hakufichi, atakwambia na atakuimbia. Ila siku yenyewe waliopiga kura hapa hawakufika hata nusu ya waliojiandikisha. Kura ya gavana ilikuwa imeahirishwa, karatasi zilikuja na makosa, basi kuna waliosema tutaenda siku hiyo nyengine. Kaka yangu alihojiwa mara mbili mwaka ule, mara zote mbili akasema Baba kwa sauti ya kusikika barabarani. Agosti 9 akalala mpaka adhuhuri, kisha akaenda kwa shangazi kula biriani. Kwenye utafiti huyo ni mtu mzima kamili, kwenye boksi ni sufuri.

Na usicheke, nyinyi pia yaliwakuta. 2015 lile shirika la Twaweza walisema Magufuli 65 Lowassa 25, Tume ikaja kutangaza 58.46 na 39.97. Mshindi walimpata, lakini Lowassa walimpunja karibu pointi 15. Kusema kweli waliuliza mapema, Agosti na mwanzo wa Septemba, kampeni hazijaiva. Lakini pia watu wao walikuwa wakihojiwa kwa simu walizopewa na mradi wenyewe, simu na chaja ya sola, na mimi mtu akinipa simu na chaja halafu aniulize kama naupenda upinzani ningemeza mate kwanza. 2018 watu hao hao wakasema wanaoikubali kazi ya Magufuli wameshuka mpaka asilimia 55 kutoka 96 ya 2016, na haukupita muda mkurugenzi wao akachukuliwa pasipoti. Baada ya hapo nani atauliza, na nani atajibu? Ya uchaguzi wenu wa Oktoba 2025 sitayaandika hapa, tutaongea ukija.

Sisi wasomaji nasi tuna letu. Wamjua ami yangu. Mwisho wa 2021 TIFA walipomweka Ruto mbele, 38 kwa 23, ami aliandika kwenye grupu la familia kwamba hiyo kampuni imenunuliwa. Mei mwaka uliofuata Karua akateuliwa, namba zikapinduka, Raila mbele, kampuni ile ile, simu zile zile, na ami akawa azituma kila asubuhi kabla hata ya salamu. Shemeji yangu wa upande wa wilbaro, yaani wa Ruto, alifanya vile vile kinyume chake, zamani sayansi, sasa kupika. Julai 26 Raila hakutokea kwenye mdahalo, Ruto akasimama pale peke yake kipindi kizima, na asubuhi grupu letu likakubaliana kwamba Raila ndiye aliyeshinda mdahalo.

Na mimi je? Nlikuwa nimekaa mbele ya skrini, 98 zinajaa macho yangu yakiona, na moyoni nazisoma kama watu wetu ambao bado hawajafika. Kazi ilinipa jibu nkalikataa manake halikuwa langu.

Usiku wa matokeo ndio nlicheka na kulia. IEBC, tume yetu ya uchaguzi, walizianika fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, za vituo zaidi ya elfu 46 kwenye tovuti yao, kila mtu azione, basi kila stesheni ya TV ikawa inajumlisha kivyake, kila moja na rundo lake la kuanzia, saa moja hiyo hiyo hapa Raila yuko mbele, kule Ruto yuko mbele. Ami ameshika rimoti. Akikuta Ruto juu anahama, akikuta Baba juu anasema "tulieni, hawa ndio wanaojua kuhesabu." Fomu ni zile zile! Na pale ukutani, wajua nyumba zetu, ukuta ni jina tu, tukawasikia majirani wale wakimya, wasiowahi kusema siasa na mtu, TV yao iko kwenye ile chaneli tuliyoihama, na haihamishwi. Mama akanitazama. Miaka sita tumekaa nao, tumekula futari pamoja, na hatukujua. Kisha stesheni zikapunguza mwendo, zikaacha kabisa kuhesabu, ami akabaki na rimoti mkononi kama mtu aliyeshuka kituo sicho.

Sasa hiyo skrinshoti yako. Nimeivuta nkaikuza. Haina tarehe ya mahojiano, haina aliyelipa, na nimezijumlisha zile namba mara mbili hazifiki mia, zimekatwa chini, pale pale ambapo kijimstari cha kijivu hukaa. Aliyeikata alijua anakata nini. Nitafutie nzima halafu tuongee, na ukiipata usianze na aliyeko juu, anza na huko chini, wako wangapi na ni wa wapi.

Halafu wacha nkwambie, wiki jana nlipigiwa mimi. Kijana, lafudhi ya bara, mpole, anasoma neno kwa neno, nkamwonea huruma nkajibu yote, kodi, maji, hospitali, huku nageuza viazi karai kwenye mafuta. Akafika kwa urais. Nkasikia mdomo wangu wasema "bado sijaamua". Na nshaamua somo, tangu Juni ile ya 2024 vijana walipoingia barabarani. Hata sijui nlikuwa namficha nini mtoto wa watu. Akasema "asante sana mama", mama! na sauti yangu bado ya kisichana.

Mama anakusalimu, asema ile dawa ya magoti ya Tanga ilimfaa, leta nyengine. Na dera langu usisahau, saizi ile ile, ila la njano sitaki na la chungwa sitaki, hizo ni rangi za vyama, watu washaanza kusomana huku.

Ni mimi somo yako,
Mombasa