Barua kwa mwanangu: hayo matambara

Mwanangu, hujambo. Picha ya ule mchoro uliojichora mwenyewe, uliyotuma jana usiku, nimeiona, nimeikuza kwenye simu mpaka ikawa vidoti vidoti, na kabla sijasema lolote kuhusu huo uso niambie kwanza, yale matambara nyuma ya kiti, yale yaliyorundikwa kwenye kona, ni ya nini? Kama ni ya kufutia brashi zenye mafuta ya kitani yaondoe leo hii. Yale mafuta hayakauki kama maji, yanavuta hewa, na yakivuta yanatoa joto, sasa ukiyafinyanga matambara ukayatupa rundo moja joto linakosa pa kutokea linajikusanya humohumo mpaka linawaka lenyewe, hakuna kiberiti hakuna sigara. Na we unalala chumba hichohicho.

Haya, uso. Umejipaka kijani. Mdogo wako ananiambia kijani huwa kinatangulia chini halafu rangi ya ngozi inakuja juu, sawa, lakini we hukukifunika, umekiacha kwenye mashavu na chini ya macho, halafu ukapiga nyekundu nzito kwa kisu cha kupakia rangi, mpaka ukingo wa rangi ulivyoinuka unaonekana. Mi sijui haya mambo ila nimekaa na huyo mtu muda mrefu, na asubuhi nikamrudia kabla hata sijanawa uso. Mkono wako umekomaa, hilo nalisema. Ila ndo unavyojiona kweli? Uliniambia yule mchoraji Van Gogh alijichora mara zaidi ya 35 kwa vile hakuwa na hela ya kulipa watu wa kumkalia, nikafurahi, nikasema basi ni ubahili tu, halafu nikaenda kusoma alivyojikata sikio nikakosa usingizi.

Kovu nalo umelikosea, ni la nyusi ya kushoto we umeliweka kulia. Naambiwa ni kioo ndo kinageuza. Mi namjua mwanangu kovu lake liko upande gani, na lilivyokuja tunajua wote wawili, tusirudi huko.

Matambara ukishatumia yatandaze moja moja nje yakauke, au yaloweke kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko. Usiyaache ndani, hata usiku mmoja. Na dirisha lifungue ukishika tapentaini, kichwa kinachokuuma kila siku unasema ni usingizi, mi sidhani.

Ile picha ya kwanza uliyoacha hapa, ukija usishangae imepiga manjano. Ilikuwa kabatini. Wageni walikuwa wanauliza maswali, halafu shangazi yako akasema yale macho ni yangu kabisa nikiwa nimekasirika, na hicho kikunjo katikati ya nyusi, sikupenda, basi ikakaa kabatini miezi kadhaa. Si ulisema mafuta yakikaa gizani yanageuka manjano na mwanga unaweza kuyarudisha? Nimeitoa jana, nimeiegesha karibu na dirisha, tuone. Kikunjo bado kipo.

Hela ile ya rangi uliyoomba mwaka ule nikakujibu nunua kitu cha maana, nimekutumia leo. Usiimalizie yote kwenye nyeupe, najua nyeupe ndo inaisha haraka, nunua kwanza hilo kopo.

Huku bomba la jikoni linavuja tena, fundi amekuja mara mbili na kila mara linavuja sehemu nyingine. Mama yako goti limepoa, anapanda ngazi bila kushika ukuta, anataka kujua kama unakula. Na kioo cha bafuni uliondoka nacho ukasema utanunua kingine, wiki ya ngapi hii? Nanyoa ndevu kwa kamera ya simu, leo nimejikata kidevu.

Usinijibu kwa kidole gumba. Nataka picha ya hiyo kona, ikiwa tupu.

Baba yako