Albamu ya kwanza ya Nine Inch Nails isihukumiwe kwa zilizofuata

Kwa Mhariri,

Nimeisoma barua ya msomaji mwenzangu katika ukurasa wako wa burudani, ambamo alidai kwamba Pretty Hate Machine, albamu ya kwanza ya bendi ya Marekani ya Nine Inch Nails, ni disko tu iliyovishwa nguo nyeusi, na kwamba anayetaka kuijua roki ya viwandani, yaani roki yenye milio ya mashine, iliyo na giza la kigothiki, lile la makaburi na majonzi, aanzie kwenye albamu yao ya The Downward Spiral ya mwaka 1994, ile ya 1989 awaachie wakusanyaji wa vitu vya kale. Maoni hayo nimeyasikia mara nyingi dukani kwangu katika Barabara ya Luthuli, ambako natengeneza spika na amplifaya, na kwa kuwa mengi yanatoka kwa vijana walioisikiliza albamu hiyo kupitia simu pekee, naomba nafasi niyajibu.

Nikiri kwanza kwamba hata mimi sikuanza vizuri. Mwaka 1992, nilipokuwa bado nikijifunza kazi kwa fundi mwingine, mteja aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo alituletea redio-kaseti iliyokuwa ikimeza kanda. Nilibadilisha mpira wake, nikasafisha hedi kwa pamba na spiriti, kisha nikaijaribu kwa kanda iliyosahauliwa ndani. Wimbo wa kwanza ulipofika kwenye kiitikio, sauti ilipasuka na kukwaruza kiasi kwamba niliamini nimeunguza kitu. Niliifungua redio, nikachomelea upya waya za spika, nikafunga, nikajaribu tena. Mkwaruzo ukarudi pale pale, kwenye neno lile lile. Mwalimu wangu alisikiliza kidogo, akaitoa kanda ile, akatia yake ya rumba, na redio ikaimba bila doa. Redio ilikuwa imepona kitambo. Mkwaruzo ulikuwa umewekwa makusudi na mtu aliyejua anachofanya, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu, maana kuiharibu sauti kwa kipimo, ukaacha maneno yasikike na ngoma zisizame, ni kazi ngumu kuliko kuisafisha.

Kanda ile ilikuwa ya Pretty Hate Machine, na mtu huyo ni Trent Reznor, mwanzilishi wa Nine Inch Nails, aliyezaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1965. Alipokuwa akizitunga nyimbo hizo aliajiriwa katika studio ya Right Track mjini Cleveland, akiwasaidia wahandisi wa sauti na pia akipiga deki, na mwenye studio alimruhusu kuitumia mitambo saa ambazo hapakuwa na mteja. Hakupata wapigaji wa kumridhisha, basi akaamua kufanya karibu kila kitu mwenyewe kwa vinanda vya umeme, kompyuta ya Macintosh na Emax, mashine ya kunasa vipande vya sauti, akifuata mfano wa mwanamuziki Prince ambaye naye alizoea kujirekodi peke yake. Msomaji mwenzangu analalamika kwamba ngoma za albamu hii zinasikika kama za plastiki. Yaani analalamika kwamba mtu aliyekuwa peke yake usiku, ufagio ukiwa umeegemezwa ukutani, hakuwa na mpiga ngoma. Ni kweli, hakuwa naye.

Nije kwenye shutuma yenyewe ya disko. Sikatai kwamba albamu hii inachezeka. Ninachokataa ni kuligeuza jambo hilo kuwa aibu. Wimbo uliotangulia kutolewa, Down in It, ulitengenezwa na Adrian Sherwood akishirikiana na Keith LeBlanc. Sherwood ni Mwingereza aliyejijengea jina katika dabu, ule muziki wa rege ambao wimbo huvuliwa nguo ukabaki besi, ngoma na mwangwi, naye LeBlanc alikuwa mpiga ngoma aliyefanya kazi na kampuni ya Sugar Hill katika siku za mwanzo za rapu. Sikio la Nairobi, lililolelewa na rege ndani ya matatu, lingepaswa kuwa la kwanza kuutambua ukoo huo. Nina mteja ambaye ni makanga, hajui lolote kuhusu roki wala hataki kujua, lakini siku moja nilipokuwa nikijaribu spika zake za besi kwa wimbo huo alisimama kimya mlangoni hadi ulipokwisha, akaniuliza huyo ni Mjamaika wa wapi. Nikamwambia ni mzungu wa Ohio. Alidhani namtania.

Hapa ndipo tofauti ya vyombo inapoamua maoni ya wasikilizaji kuliko watu wanavyokubali. Spika ya simu haiwezi kutoa besi. Inatoa tu ile sauti nyembamba ya juu, na katika albamu hii sauti ya juu ndiyo yenye milio ya vinanda inayodhihirisha umri wake wa miaka ya themanini. Ukiondoa besi unabaki na ganda, kisha unalaumu embe kwa kukosa nyama. Ningependa kila mwenye maoni makali aisikilize angalau mara moja kwenye spika za inchi 12, kisha aandike barua yake.

Kijana mmoja anayekuja dukani na minyororo kiunoni ananiambia kwamba baada ya kuisikiliza bendi ya Duma, hakuna anachokisikia kwa Reznor isipokuwa upole. Namwelewa. Martin Khanja na Sam Karugu, vijana wa hapa hapa Nairobi, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na jina lao linatokana na neno la Kikuyu la giza. Mayowe na mashine zao zina kasi ambayo Pretty Hate Machine haikaribii hata kidogo. Lakini ukali haupimwi kwa kasi pekee. Something I Can Never Have, wimbo wa tano, hauna hata gitaa la kuumiza masikio: ni piano inayorudia noti chache, kishindo cha mbali kama mlango wa bohari unaofungwa, na sauti ya mtu anayeongea kana kwamba hataki jirani asikie. Nimewahi kuuzima kabla haujaisha kwa sababu mteja aliyekuwa dukani alikuwa ametoka kuzika.

Msomaji huyo huyo aligusia, kwa dharau kidogo, kwamba muziki wa aina hii una harufu ya ushetani. Ningetarajia tuwe tumevuka hapo. Tunaokumbuka mwaka 1994 tunakumbuka Rais Moi akiunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na jinsi katika miaka hiyo shati jeusi lenye maandishi ya bendi lilivyotosha kumpeleka kijana wa shule mbele ya mwalimu wa zamu. Nami niliitwa kando na mama mmoja jirani aliyenishauri niichome kanda ile. Marekani nao hawakuwa mbali nasi. Wakati wa kupiga video ya Down in It mjini Chicago, kamera iliyofungwa kwenye maputo ilikatika na kupeperuka hadi shambani kwa mkulima wa Michigan. Waliotazama picha zake, zikimwonyesha Reznor amelala chini kama maiti, walidhani ni mauaji halisi, na hata makachero wa FBI wakaingia kazini kabla ya kubainika kwamba marehemu ni mzima. Kuhusu maneno yenyewe, wimbo wa Terrible Lie, unaotajwa sana na wanaotushuku, umeelekezwa kwa Mungu moja kwa moja. Asiyeamini hamlalamikii asiyemwamini kuwa yupo. Ayubu alisema makali kuliko hayo na kitabu chake kipo madhabahuni.

Kuna shutuma moja ambayo sina jibu lake, nayo ni ya mashairi. Reznor alikuwa na miaka 24 albamu ilipotoka, na katika nyimbo kadhaa, hasa upande wa pili wa kanda, anasikika kama mtu wa miaka 16 aliyeachwa na mpenzi wake na kuamini kwamba hakuna mwingine duniani aliyewahi kuachwa. Vina vyake ni vya kutabirika. Anayejua jinsi malenga wa Mombasa na Lamu walivyoweza kumlalamikia mpenzi kwa mafumbo, bila kujidhalilisha hata kwa neno moja, atakunja uso mara nyingi. Wimbo wa Head Like a Hole umenusurika kwa sababu hasira yake imeelekezwa nje, kwa pesa inayoabudiwa, na mtu yeyote aliyewahi kungoja mshahara katika jiji hili anaelewa bila kufafanuliwa.

Suala la iwapo bendi hii ni ya kigothiki au ya viwandani sitalipa nafasi kubwa. Wenye msimamo mkali husema roki ya viwandani ni ya kina Throbbing Gristle, bendi ya huko huko ilikoanzia, waliounda Industrial Records huko Uingereza mwaka 1976, na kwamba Reznor aliitia sukari. Huenda. Nawaomba tu watazame jalada la albamu: wengi huona mbavu za mtu, kumbe ni mapanga ya tabo, ule mtambo unaozunguka kuzalisha nguvu, yaliyovutwa urefu na msanifu Gary Talpas mpaka yakafanana na mifupa. Makaburi na kiwanda katika picha moja. Sijui wanataka ushahidi gani mwingine.

Wala si kweli, kama barua ile ilivyodokeza, kwamba albamu hii ilipuuzwa hadi The Downward Spiral ilipoifufua. Katika orodha ya Billboard, ile ya albamu zinazouzwa sana Marekani, haikupanda juu ya nafasi ya 75, hilo nakubali, lakini iliendelea kununuliwa mwaka baada ya mwaka; bendi iliipeleka barabarani, ikiwemo ziara ya kwanza ya tamasha la Lollapalooza mwaka 1991, na mwishowe ikatambuliwa kwa nakala milioni 3 huko Marekani. Kwa kampuni ya TVT, ambayo hapo awali ilijulikana kwa kukusanya nyimbo za vipindi vya televisheni, hilo halikuwa jambo dogo.

Nashangaa zaidi kwa sababu Wakenya wanampenda Reznor bila kumjua. Wapenzi wa muziki wa kantri, ambao nchi hii inao tele, wanaufahamu wimbo wa Hurt kwa sauti ya mzee Johnny Cash, aliyeurekodi karibu na mwisho wa maisha yake na kuutoa mwaka 2002. Nimeona watu wazima wakiufutia machozi. Wimbo huo ni wa Reznor, umetoka katika ile albamu ya 1994 ambayo msomaji mwenzangu anaisifu, na mbegu yake ni ile piano ya wimbo wa tano niliyoitaja, iliyopandwa miaka mitano kabla. Anayeusifu mti na kuidharau mbegu ana haki ya kufanya hivyo, ila asiseme mti ulijiotesha.

Kabla ya kumrudishia mteja kanda yake mwaka ule wa 1992, niliinakili. Sikuwa na pesa ya kanda tupu, hivyo niliirekodi juu ya ile ya rumba ya mwalimu wangu, na aliponigundua nililipa kwa wiki nzima ya kufagia. Ninayo hadi leo. Mwezi uliopita nilimketisha yule kijana wa minyororo kwenye kiti cha wateja na kumchezea yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwenye spika kubwa, naye hakusema neno mpaka Ringfinger, wimbo wa kumi na wa mwisho, ulipomalizika na gitaa za Kongo zikaibuka katikati ya sebene. Akageuka akaniuliza kipande hicho kiko kwenye albamu gani ya Reznor, kwa sababu hicho sasa amekipenda.

Wako,
Fundi wa spika,
Barabara ya Luthuli, Nairobi