Hoki na masomo ya vijana wetu

Mhariri,

Waswahili wenzangu hapa Calgary husema hoki ya barafuni itampotezea mwanangu masomo. Naomba waulize kwanza. Katika WHL, ligi ya vijana ya magharibi mwa Kanada, kila msimu anaocheza kijana humpatia mwaka mmoja wa chuo: karo, vitabu na ada za lazima. Anayetoka mbali hupangiwa familia ya kuishi nayo. Na tangu Agosti 2025, timu za vyuo vikuu vya Marekani, zilizowafungia mlango wachezaji wa WHL miaka mingi, zinawapokea.

Safari za timu kwa basi usiku, kwenye theluji, zinanitia hofu kweli. Lakini mzazi asikatae kabla ya kusoma mkataba, hasa masharti ya kuitumia hiyo karo.

Mama Zuhura,
Calgary, Kanada