Hilux bado inangoja mkanda

Ipogolo, Iringa
14 Septemba

Ndugu yangu Baba Neema,

Kamwene. Mama Neema na watoto hawajambo? Sisi wazima, ingawa ubaridi wa mwaka huu umekataa kuondoka na asubuhi bado tunaota moto.

Uliponipigia mwezi wa saba kuuliza kama ni kweli mpwa wangu amepata ajali na Hilux, nilikujibu maneno mawili matatu nikakata simu. Usinihesabie vibaya. Kijana alikuwa amekaa karibu yangu, anatazama chini, na chochote ambacho ningesema kingemwingia yeye kwanza. Leo amekwenda mjini kununua msasa, nimepata nafasi ya kukueleza yote, pamoja na lile ambalo hata dada yangu sijamwambia bado.

Alikuwa anatoka Kilolo na magunia tisa ya viazi. Ukungu mzito, udongo umelowa, na kwenye ule mteremko wa mwisho kabla ya daraja akakuta ng'ombe wamesimama njiani. Anasema breki zilishika mwanzoni, kisha zikawa laini mguuni. Akawakwepa ng'ombe, kona ya mbele ya kushoto ikaingia kwenye kisiki cha mlingoti. Namshukuru Mungu alikuwa amefunga mkanda. Alichanika kidevu tu. Trafiki wakampa PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa, akashonwa nyuzi nne, akalala nyumbani siku hiyo hiyo.

Jambo moja alilifanya vizuri na nimemwambia mara nyingi: alizima injini papo hapo. Feni ilikuwa imeshaila rejeta na maji yote yamemwagika barabarani. Unazijua hizi injini za aina ya 3L, zenye lita 2.8. Zikichemka bila maji, silinda hedi inapasuka, na hapo tungekuwa tunatafuta injini.

Bima yetu ni ile ndogo, inamlipa uliyemgonga tu, hivyo bati letu lilikuwa juu yetu. Lakini si fedha iliyonifanya nisiipeleke gereji. Ni kijana. Tangu gari livutwe mpaka hapa, alikuwa hapiti uani. Akitaka kwenda dukani anazunguka nyuma, anapita kwenye migomba, ilimradi asilione. Chakula anagusa tu. Dada naye akapiga simu kusema mwanawe asishike usukani tena maishani. Nikaona nikilipeleka gereji litarudi zima, naye atabaki vile vile kwenye migomba. Jumamosi moja nikamkabidhi spana namba 12, nikamwambia aanze kufungua bampa.

Siku ya kwanza hakusema neno. Bampa, shoo, boneti, taa, rejeta, madigadi ya kushoto, vyote vikashuka. Kila bolti aliiweka kwenye kopo lake na kuandika kwa chaki imetoka wapi, na hilo sikumfundisha mimi. Rejeta nikampelekea fundi wa mjini anayechomelea kwa risasi, akaifungua, akaisafisha, akaziba mirija aliyoikata feni.

Kabla ya kulala chini ya gari nilimwonyesha magogo. Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea uhai wako. Tuliweka gogo kila upande chini ya chesisi, yale machuma marefu yanayobeba gari, tukaitikisa gari kwa nguvu zetu zote, ndipo nikamruhusu aingie.

Sasa sikiliza sehemu iliyotusumbua. Tairi la kushoto lilikuwa limerudi nyuma. Kutoka katikati ya tairi la mbele mpaka katikati ya la nyuma, kushoto kulikuwa kumepungua sentimita tatu kuliko kulia. Nikasema basi, chesisi imejikunja, tumekwisha. Tukafunga nati kwenye uzi tukapata timazi, tukaishusha kutoka kwenye matundu ya chesisi yanayolingana pande zote mbili, kila ilipogusa sakafu tukaweka alama ya chaki. Kisha tukapima mshazari, kutoka kushoto mbele kwenda kulia nyuma, na ule mwingine. Chesisi ikiwa imepinda, mishazari hiyo haiwezi kulingana. Yetu ilipishana milimita nne tu. Tukapima tena, ni zile zile. Siku mbili nilikuwa sielewi: chesisi ipo sawa, tairi halipo mahali pake.

Aliyeona ni yeye. Alikuwa amelala chali na tochi mdomoni, akaitoa akaniambia, "Mjomba, mbona hii springi imehama kwenye ekseli?" Nikaingia. Senta bolti ilikuwa imekatika. Ile bolti ndogo inayozibana springi pamoja, ambayo kichwa chake kinakaa kwenye tundu la ekseli, kisiki kiliikata, ekseli ikateleza kurudi nyuma hata na yubolti, zile zinazoifunga springi kwenye ekseli, zimekaza. Bolti isiyozidi kidole! Nilimshika bega kule chini, wote tumejaa vumbi, na kwa mara ya kwanza tangu ajali nikamwona anacheka.

Pua ya chesisi upande wa kushoto, pale inaposhikia bampa, ndiyo ilikuwa imejikunja. Kuna mtu alitushauri tuipashe moto iwe nyekundu. Nikakataa, kwa sababu chuma kile kikishaungua hivyo kinapoteza ugumu wake. Tuliifunga gari nyuma kwenye mparachichi, mbele tukafunga winchi ya mnyororo kwenye nguzo ya lango la zamani, tukavuta kidogo kidogo mchana kutwa. Juu ya mnyororo tulitupia magunia yenye mchanga, ili ukikatika usiruke, na hakuna aliyeruhusiwa kusimama kwenye mstari wake. Watoto wa jirani niliwafukuza mpaka wakaenda kunishitaki kwa mama yao.

Tairodi ilikuwa imepinda, nayo sikunyoosha. Nilinunua mpya. Bati unaweza kulipiga nyundo, lakini kitu cha usukani kikishapinda hakiaminiki tena. Madigadi ameinyoosha yeye, nyundo huku na kipande cha chuma upande wa pili, akianzia pembeni kwenda katikati, polepole, maana bati likitanuka halirudi. Ina weupe kuliko gari zima, ila mimi naipenda hivyo.

Sasa lile jambo. Lilitokea siku tunatoa upepo kwenye breki. Bomba la kushoto lilikatika, tukaweka jipya, yeye akakaa kwenye usukani, mimi chini kwenye tairi. Namwambia kanyaga, anakanyaga. Shika. Nafungua, mafuta yanatoka na mapovu, nafunga. Achia. Kanyaga. Katikati ya kazi hiyo, bila kuniona uso wala mimi kumwona, akasema, "Mjomba, siku ile nilikuwa nimeiweka fri."

Nikanyamaza. Akaendelea kwamba aliitoa kwenye gia, ikawa fri tangu juu ya mlima, ili aokoe dizeli, akawa anazuia kwa breki peke yake mpaka chini. Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha. Akasema, "Nilikuona wewe. Kila tukishuka pale."

Baba Neema, ni kweli. Miaka mingi nimeushuka ule mlima kwa fri, naye amekaa pembeni yangu tangu miguu yake haijafika sakafuni. Na wala hakuna dizeli inayookolewa. Ukishuka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, pampu haipeleki kitu, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, nayo injini inayashika. Ukiiweka fri unailisha ili ingurume tu, na mzigo wote unauacha juu ya breki mpaka ziungue. Nayajua haya. Niliyafundishwa na dereva wa lori kabla hujahamia Dar. Niliyajua na sikuyafanya, mtoto wa dada yangu akaiga nilichofanya.

Nilitoka chini nikamwambia kosa lile ni langu kabla ya kuwa lake. Hakujibu. Aliniuliza kama aendelee kukanyaga. Tukamaliza matairi yote manne. Jumapili hii dada anakuja, nitamweleza mwenyewe, mbele ya kijana, asiendelee kumlaumu yeye peke yake.

Kwa hiyo gari linawaka, halivuji, breki ziko juu. Kilichobaki ni mkanda wa dereva, na hapo nakuomba msaada. Ule wa zamani ulivutika siku ile, nyuzi zake zimeanza kuchomoka karibu na kifungo, na mkanda ulioshika mtu kwenye ajali haupaswi kutumika tena. Nitafutie Ilala au Gerezani, wa Hilux LN106, kulia, pamoja na kifungo chake. Angalia usiwe umetolewa kwenye gari lililogongwa mbele: uvute wote mpaka mwisho utazame kama umechanika. Bei yoyote utakayokuta niambie, nitakutumia kwa simu. Mpe kondakta wa basi, nami nitaupokea stendi ya Igumbilo.

Mpaka ufike, tunazungusha gari humu uani tu. Jana alienda mbele na kurudi mara kumi, anasikiliza kila mlio. Mkanda ukifungwa tutapanda Kilolo bila mzigo, kisha tutashuka pale pale, yeye kwenye usukani na mimi pembeni, gia ya pili kutoka juu mpaka darajani.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi ndugu yako,
Mjomba wa Ipogolo