Nyota huwahi dakika nne, mimi sina haraka

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu kwa heshima mwandishi wa makala iliyotushauri wasomaji tujiboreshe kwa asilimia moja kila siku. Gazeti lako hunifikia likiwa limelala siku moja, kwa kuwa bosi hulisoma kwanza ndipo huliacha getini, hivyo huenda wenzangu wameshamjibu. Mimi ni mlinzi wa usiku. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi, na mwaka huu natimiza miaka 14 kwenye geti hilihili. Makala nikiipata, muda wa kuitafakari ninao.

Mwandishi anasema ukijiongezea asilimia moja kila siku, mwaka ukiisha utakuwa bora mara 37. Nilichukua kikokotoo cha simu nikazidisha 1.01 yenyewe kwa yenyewe mara 365. Ikaja 37 na ushei, karibu na 38. Kwa hiyo hesabu haina kosa. Wasiwasi wangu ni kwa huyo mtu anayeingizwa ndani ya hesabu. Mlinzi aliye bora mara 37 anafanyaje? Geti ni moja, linafunguliwa na kufungwa.

Si kwamba sijajaribu. Miaka ya nyuma nilishika ushauri wa namna hiyo nikaanza na pushapu 10. Siku ya pili nilitakiwa nipige 10 na sehemu ya kumi ya pushapu. Sehemu ya kumi ya pushapu ni kuinamisha kidevu tu, nami nilikiinamisha nikahesabu. Kwa mpango ule mwisho wa mwaka ningekuwa napiga 378 kwa siku, na mwisho wa mwaka wa pili zaidi ya 14,000. Lindo angebaki nalo nani? Nilikuwa nimechora jedwali nikalibandika ukutani mwa kibanda, kila siku natia alama ya vema. Siku ya 20 nikashikwa na mafua, kisanduku kikabaki wazi. Kilinitazama kile kisanduku usiku kucha kama mdai. Siku ya 21 nilibandua karatasi, nikaikunja mara nne na kuisokomeza chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Ipo mpaka leo na meza haiyumbi, kwa hiyo siwezi kusema mpango ulikosa faida kabisa.

Jambo lililonibadilisha kweli, kama nimebadilika, lilianza kwa kuishuku saa.

Kibanda changu kinatazama tangi la maji lililo juu ya mnara wa chuma. Usiku mmoja niliona nyota nyekundu, ile inayokifuata Kilimia, kile kikundi cha nyota, angani, inagusa ukingo wa tangi saa sita kamili. Nilikumbuka kwa sababu saa sita ndipo nazunguka ukuta na kuandika katika kitabu cha matukio. Wiki ilipopita nikatazama tena saa sita, nyota ilikwishaliacha tangi. Nikadhani saa ya ukutani inachelewa, nikabadilisha betri. Usiku uliofuata nyota ikawa imesogea zaidi. Betri nyingine sikununua, nikachukua daftari.

Hapo niseme ukweli, wiki tatu za mwanzo niliandika upuuzi mtupu. Leo nyota imewahi kwa dakika 10, kesho imechelewa kwa dakika 6, keshokutwa haikusogea. Nilikaribia kuacha, nikiamini mambo ya angani yana wenyewe. Kumbe tatizo lilikuwa kiti. Kila nilipotoka kuzunguka nilirudi nikaketi popote, na ukisogeza kiti kidogo tu, ukingo wa tangi unahama nao. Nikachukua chaki nikachora sakafuni pale miguu minne ya kiti inapokaa. Kisha nikagundua kwamba hata kuegemea kunaharibu kipimo, nikazoea kuegemeza kisogo ukutani ndipo nipime. Tangu hapo namba zikatulia. Nyota inawahi dakika nne kila usiku. Wiki moja, dakika 28. Mwezi mmoja, saa mbili kasoro kidogo.

Sijui kama msomaji anaweza kuelewa nilivyofurahi. Hakuna aliyenipandisha cheo. Lakini nilikuwa na jambo ambalo nililitoa mimi mwenyewe gizani kwa chaki na kiti cha plastiki, na lilikuwa sahihi.

Ikaja mawingu. Usiku 11 mfululizo sikuona hata nyota moja. Nilikumbuka jedwali la pushapu nikasema basi, safari imekatika tena. Usiku wa 12 mbingu ikafunguka, nikaketi kwenye alama zangu, na nyota ikagusa ukingo ikiwa imewahi kwa zaidi ya dakika 45 kuliko mara ya mwisho nilipoiandika. Piga mwenyewe nne mara 12. Mafua yangu, mawingu, uvivu wangu, hakuna kilichoiharibia hesabu yake. Daftari langu lina mapengo mengi na bado linasomeka. Hilo ndilo ningependa mwandishi wa makala alifikirie, maana jedwali lake likipoteza siku moja humhukumu mtu.

Swali la kwa nini dakika nne lilinikaa kichwani miezi mingi. Nilisoma kwamba dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23 na dakika 56, si saa 24 kamili kama tulivyokariri. Maneno niliyaelewa, jambo lenyewe halikuniingia. Basi usiku mmoja, saa nane hivi, nikaweka kiti katikati ya uwanja, juu yake tochi inayowaka. Kiti ndicho jua. Taa ya getini, kule mbali, ndiyo nyota. Nikaanza kutembea kukizunguka kiti huku uso wangu ukikielekea muda wote, bila kukipa kisogo hata mara moja. Nilipokuwa upande wa huku, kiti kilikuwa mbele yangu na geti nyuma ya kiti. Nilipofika upande wa pili, kiti bado kilikuwa mbele yangu lakini geti lilikuwa mgongoni. Nikarudi nilipoanzia. Kiti hakijanitoka machoni hata kidogo, ila geti, tangi na ukuta vyote vimenipitia mbele kimoja baada ya kingine. Maana yake nimejizungusha mara moja nzima bila kujua!

Nikasimama pale pale. Kumbe ndivyo. Dunia ikilimaliza duara lake kulizunguka jua kwa mwaka, nyota zinahesabu mzunguko mmoja zaidi ya ule tunaouhesabu sisi kwa jua. Jua limechomoza mara 365, nyota mara 366. Huo mmoja wa ziada ni saa 24, yaani dakika 1,440, na ukizigawa kwa siku 365 unapata dakika nne kasoro kidogo. Nikarudia kukizunguka kiti kwa furaha, mara ya pili, mara ya tatu, na ya tatu ndiyo aliyoikuta bosi aliporudi safari. Alizima gari akanitazama kwa muda. Akauliza, "Mzee, uko salama?" Nikamwambia niko salama, nalizunguka jua. Hakuongeza neno. Kesho yake alinipigia msimamizi wangu.

Msimamizi naye hana ubaya, lakini kitabu cha matukio anakilinda kama mboni ya jicho. Niliwahi kuandika humo, chini ya "hali shwari", kwamba Zuhura, ile sayari, ameonekana asubuhi baada ya kupotea upande wa jioni. Akaja na kalamu nyekundu. "Mzee wangu, kitabu hiki kikiitwa mahakamani utamwambia nini hakimu kuhusu Zuhura?" Ana haki. Tangu siku hiyo nina vitabu viwili, cha kampuni na changu.

Kukaa na hivyo viwili kumenifunza kitu. Katika cha kampuni nimeandika "shwari" kwa miaka mingi, na nikizirudia kurasa zile siwezi kutofautisha usiku mmoja na mwingine. Ni kama sikuwepo. Katika changu najua usiku nilioona nyenje wanapunguza mlio kadiri baridi ya alfajiri inavyoingia. Nilihesabu kwa saa ya ukutani, robo dakika kila saa, na mlio ulishuka kila mara. Najua usiku bawaba ya geti ilipoanza kulia sauti nyembamba, nikaipaka mafuta kabla haijakatika. Hata mwandiko wangu umenyooka, si kwa mazoezi, bali kwa sababu nilichoka kushindwa kusoma namba zangu mwenyewe. Saba yangu ilikuwa inafanana na moja. Sasa naitia mkanda katikati.

Mtu atasema hayo ni mambo madogo. Ni madogo kweli. Nilisoma habari za Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, aliyezaliwa mwaka 1632. Chuo kikuu hakukanyaga, na lugha aliyoiandika ni Kiholanzi chake tu. Alijifunza kusaga vioo vidogo vya kukuza vitu, akatazama maji, utando wa meno, kila kilichomjia mkononi, na miaka ya 1670 akawa anawaandikia wanachuoni wa Royal Society huko London kuhusu vijidudu ambavyo hakuna aliyekuwa amevisimulia. Aliendelea kuwatumia barua kwa miaka karibu 50, hadi alipofariki mwaka 1723. Mimi sijilinganishi naye, mhariri, usije ukaweka kichwa cha habari cha kunichekesha. Ninachompendea ni zile barua. Karibu miaka 50 mtu anaandika: leo nimetazama hiki, nimeona hivi. Hajiulizi amekuwa bora mara ngapi.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na makala. Nyota yangu ilitembea dakika nne nne, ikahama usiku wa manane, ikaja jioni, ikapotea kwenye mwanga wa jua, ikajitokeza alfajiri upande wa pili, na mwaka ulipotimia ikagusa tena ukingo wa tangi saa sita kamili. Haikufika popote. Imerudi palepale, nami niko palepale, kiti kwenye chaki zilezile. Ila usiku ule nilikuwa nimekaa nikiingojea tangu saa tano na nusu, moyo unadunda kama ninayempokea mgeni, kwa sababu nilijua anakuja. Mwaka mmoja nyuma nilichokuwa nikingojea ni kuche tu. Hiyo tofauti sina asilimia ya kuipimia.

Kuna kijana tunayepokezana zamu, yeye hushika mchana. Ana programu kwenye simu, anaielekeza angani inamtajia kila nyota kwa jina. Ndiye aliyenijulisha kwamba nyota yangu nyekundu huitwa Aldebaran, na baadaye nikasoma kwamba jina hilo limetoka kwenye Kiarabu na maana yake ni mfuasi, jambo lililonipendeza kwa vile mimi mwenyewe nilikuwa nikiiita ile inayokifuata Kilimia. Sina ugomvi na programu yake. Lakini aliwahi kuniambia, "Mzee, unahangaika bure, haya yote yapo humu," nikakosa jibu zuri kwa siku kadhaa.

Jibu nililipata mwezi mpevu ulipofika. Mwezi mpevu huzama jua linapokaribia kuchomoza, ndio wakati kijana anapoingia kazini. Alisimama getini akasema leo mwezi ni mkubwa mno. Nikampa karatasi niliyoitoboa kwa mashine ya kutobolea mafaili, tundu la milimita sita. Nikamwambia anyooshe mkono, afumbe jicho moja, autazame mwezi tunduni. Ulilijaza tundu karibu sawasawa. Nikamwambia saa sita usiku, ulipokuwa utosini na kuonekana mdogo, nilifanya hivyohivyo, na tundu lilijaa vilevile. Akasema haiwezekani. Akausogeza mkono, akaurudisha, akabadilisha jicho. Mwezi ukazama nyuma ya nyumba za watu yeye bado ameshika karatasi hewani, na kitabu cha kupokezana zamu hakijasainiwa.

Karatasi alikwenda nayo. Mwezi mpevu uliofuata aliripoti kazini saa kumi alfajiri, saa mbili kabla ya zamu yake, akaniomba nimpishe kwenye kiti.

Mlinzi wa zamu ya usiku